Kijani na Mwenzake

Siku ya gulio mji wa Kayanga hauna adabu. Watu hupigana vikumbo, mbuzi hufungwa mlangoni pa duka la mtu bila kuomba ruhusa, na pikipiki hupiga honi utadhani barabara ni urithi wa ukoo. Siku kama hiyo Protase alipigwa kikumbo na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, akapepesuka, akajikuta ndani ya duka la Salvina, na kiwiko chake kikaangusha boksi zima la kalamu.

"Karibu," alisema Salvina kutoka nyuma ya mashine ya fotokopi. "Wenzako huwa wanabisha hodi."

"Samahani, dada. Nimeletwa na ndizi."

Salvina alicheka bila kutaka. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikononi, lakini viatu vyake vilikuwa vimeliwa nusu na udongo mwekundu. Yeye Salvina alikuwa na gauni la kitenge cha njano, na shingoni, mahali ambapo wenzake huweka shanga, alikuwa ametundika mkasi kwa utepe.

"Ila kwa kuwa nimeshafika," Protase alisema huku akiokota kalamu, "nauliza kebo ya mtandao. Nimezunguka mji mzima, zote ni fupi."

"Unataka ifike wapi?"

"Kutoka ofisini hadi ghalani. Ni kule Kamuli, kwenye ushirika wetu wa kahawa. Uwanja wote wa kuanikia uko katikati."

"Ya urefu huo hainunuliwi. Inatengenezwa."

"Na nani?"

"Na huyo uliyemmwagia kalamu."

Jumamosi Protase alifika Kanoni, nyumbani kwa mama yake Salvina, maana kazi ile ilitaka utulivu na dukani utulivu haukuwepo. Alisema amekuja kuichukua kebo. Uongo mtupu, kebo ingeweza kutumwa kwa bodaboda. Alikuja kuitazama mikono ya Salvina, na Salvina alijua, akajifanya hajui.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache: kisu cha kumenyea ndizi, mkasi wake wa shingoni, koleo la kubania vichwa vya kebo, na testa ya kuipimia, yenye vitaa nane. Salvina alichuna gamba la kebo kwa kisu, taratibu, asiguse vya ndani. Zikatokea nyuzi nane, kila rangi imesokotwa na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi ileile: chungwa, kijani, buluu, kahawia. Akazisokotoa, akazinyoosha kwa kidole gumba, akazipanga mstari mmoja.

"Umejifunzia wapi?" Protase aliuliza.

"Kwa macho yangu. Na kwa mama."

Mama yake, Kokugonza, alikuwa kando yao akisuka mkeka. "Mimi kompyuta siijui, waitu," alisema. "Ila nilimwambia, rangi ni rangi tu. Mweupe akae na rangi yake, jirani na jirani, mkeka hautagombana."

Ndivyo Salvina alivyozipanga: kila uzi kando ya mwenzake. Akazikata sawasawa kwa mkasi, akazisukuma kwenye kichwa cha plastiki, akabana kwa koleo. Upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Testa ikawaka vitaa vyote nane, kimoja baada ya kingine, na Protase akapiga makofi kama yuko harusini.

Mama alileta kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni wa huku hutafuna. Protase, mtu wa Muleba aliyekulia mjini, alichukua tunda moja, akalipasua kwa meno, akampa Salvina punje moja kwa heshima zote.

Mama aliacha kusuka. Salvina alijificha uso kwa kitenge, mabega yanatikisika.

"Nimekosea nini?"

"Zamani watu wakitaka kuwa ndugu wa kuchanjiana walipasua kahawa moja, kila mtu akala punje yake," Salvina alisema. "Huo ndio omukago. Ndugu hawaoani. Unataka niwe dada yako?"

Protase alimpokonya ile punje, akazitupia zote mbili mdomoni mwake, nusura azimeze na ulimi. "Udugu sitaki! Mama, wewe shahidi."

"Mimi nasuka mkeka," alisema mama.

Baada ya hapo ikawa simu asubuhi, simu mchana, simu jioni.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe mtu wa ndizi?"

"Mimi nashiba nikikusikia."

"Basi usipike tena, tuone utafika wapi."

Salvina alikuwa na miaka ishirini na saba na hakuwa mtu wa kubabaika, lakini simu ikiita aliacha wateja wamesimama. Tena alikuwa na tumaini jingine ambalo hakumwambia mtu: kebo ya Kamuli ikisifiwa, vyama vingine huko Kyerwa, wilaya ya jirani, vingemwita, na jina lake lingevuka mpaka wa wilaya.

Ndipo akaja Gaudiosus, bodaboda wa kupeleka vifurushi Kamuli. "Yule Protase wako kumbe naye fundi," alisema huku akinywa soda. "Nimemsikia mwenyewe akiwaambia wazee wa ushirika kebo ya ghalani ameitengeneza kwa mikono yake."

Salvina alipiga simu palepale.

"Protase, ile kebo alitengeneza nani?"

"Kwa nini unauliza, mpenzi?"

"Umewaambia wazee ni kazi ya mikono yako. Kweli au Gaudiosus amezua?"

"Nimesema hivyo. Lakini Salvina, mambo ya kebo tuyaache. Niamini tu."

"Nikuamini kwa lipi? Uliona aibu kusema ni kazi ya binti wa Kanoni anayechuna waya kwa kisu cha ndizi?"

"Siyo hivyo."

"Basi ni vipi?"

Salvina alikata simu. Protase alipopiga hakupokea, wala kesho yake, wala siku zilizofuata. Hakulia mbele ya wateja. Alilia akiwa ameinama chini ya meza, akijifanya anatafuta rimu ya karatasi. Kilichomuuma hakikuwa sifa peke yake. Alikuwa ameanza kuyaona maisha yake na mtu huyu, na sasa aliona mtu anayeweza kumchukulia chake huku akimwita mpenzi.

Ukweli uliletwa na Evelyn, karani wa ushirika, aliyekuja Kayanga kununua wino wa printa.

"Protase hajambo?" Salvina aliuliza, kana kwamba neno limemponyoka.

"Maskini! Kumbe hujui? Siku ya mnada wa kahawa wa mtandaoni kebo ilituangusha. Picha inaganda, inarudi, inaganda. Mnada ukatupita na kahawa ya watu ikabaki ghalani. Wazee wakauliza nani katengeneza hiki kitu. Protase akasema, mimi. Wamemtoa kwenye kompyuta, sasa anageuza kahawa uwanjani kwa reki, na lile shati lake jeupe."

Salvina alimpa Evelyn wino usio wake, ikabidi aitwe mara mbili aubadilishe.

Hakuamini upesi. Vitaa nane viliwaka, aliviona! Jioni ile alichukua ruta na kompyuta ndogo ya dukani, akaenda navyo Kanoni, akatengeneza kebo nyingine ndefu vilevile, akaitandaza kutoka sebuleni, katikati ya migomba, hadi kwa jirani. Vitaa nane vikawaka. Akafungua video: ikaenda kidogo, ikaganda. Akabadilisha, akaweka fupi iliyopangwa kwa namna ileile. Ikaenda vizuri.

Akachukua kebo ya kiwandani, akatazama rangi ndani ya kichwa chake kinachoonyesha. Buluu wawili walikaa katikati, na kijani na mwenzake walikaa huku na huku, wametenganishwa. Alikuwa ameshaliona hilo siku nyingi, akadhani kiwanda kimekosea.

Alisoma kwenye simu mpaka akaelewa. Jozi mojawapo ambayo mashine huongea kwayo ni uzi unaokaa nafasi ya tatu na ule wa sita. Hao wawili ndio wanaotakiwa kuwa wamesokotwa pamoja njia nzima, ili makelele ya njiani yasiwaingie. Mwisho wa safari wakikaa mbalimbali si neno, kilichowashika ni msokoto wa njiani. Yeye, kwa kupenda wakae jirani, alimpeleka kijani mweupe safari ndefu na buluu asiyemjua. Testa haikuwa na namna ya kuliona hilo. Yenyewe huhesabu waliofika tu.

"Mbwenu, mkeka wangu umekuponza," mama alisema.

"Hapana, mama. Sikuuliza, ndiyo kosa langu. Na Protase alijua kebo imewaangusha, akanificha." Akaizima ruta. "Nimemtukana mtu aliyenisitiri."

Mama akaingia ndani. Alirudi na kitu kilichofungwa kwa jani kavu la mgomba, akamnong'oneza neno, akampa.

Kesho yake Salvina alipanda pikipiki ya Gaudiosus hadi Kamuli, na gauni lile la njano likafika limebadilika rangi kwa vumbi. Wazee walikuwa kivulini kwenye kibaraza cha ghala. Protase alikuwa juani na reki.

"Shikamoo, mzee," Salvina alimwambia mwenyekiti, Byarugaba, akipiga goti.

"Marahaba, binti. Karibu."

"Kebo iliyowaangusha niliitengeneza mimi."

Reki ilianguka. "Salvina, nyamaza."

"Wewe ndiye ulinyamaza mno." Akamgeukia mzee tena. "Waya ni mzima. Nilichokosea ni vichwa. Mkiniruhusu nivikate, nivifunge upya."

Byarugaba aliitikia kwa kichwa. Salvina alichuchumaa, akatoa kisu, mkasi na koleo. Alikata vichwa vyote viwili, cha ghalani kisha cha ofisini, akapanga upya: buluu katikati, kijani huku na mwenzake kule. Wanaume wote wale walimkodolea macho, lakini hakuharakisha. Evelyn aliwasha kompyuta ghalani, akafungua video, wakangoja. Haikuganda. Wakangoja zaidi. Evelyn akapiga kigelegele.

"Kijana," Byarugaba alisema, "kwa nini ulitudanganya?"

"Mzee, mimi nikiharibikiwa jina, nageuza kahawa. Yeye akiharibikiwa, nani atampa kazi tena?"

"Basi umekosea mara mbili. Umetudanganya sisi, na umemwacha mwenzako akiendelea na kosa asilolijua. Angefunga ngapi nyingine?" Mzee akainuka. "Rudi kwenye kompyuta yako. Na huyu binti, vyama vingine vikiniuliza fundi, nitawaambia nimemwona akikiri kosa na akilirekebisha."

Walibaki wawili ukingoni mwa uwanja, harufu ya kahawa inayokauka ikiwazunguka.

"Ungeniambia," alisema Salvina.

"Niliogopa utaumia."

"Niliumia zaidi. Nilidhani umenichukulia kazi yangu. Usinisitiri tena kwa kunificha, Protase. Nisitiri kwa kuniambia. Na mimi unisamehe, sikukupa nafasi ya kusema."

"Kila siku niligeuza kahawa hizi nikijiuliza kama utapokea simu," alisema Protase. "Nimekusamehe kabla hujafika. Lakini nirudi wapi sasa, Salvina? Kwenye simu tu? Mimi nimechoka kuwa mtu wa simu."

Salvina alifungua mkoba, akatoa lile jani kavu la mgomba. Ndani mlikuwa na akamwani moja, moja tu.

"Mama amekutumia."

Protase aliishika kwa vidole viwili, akaogopa hata kuisogeza mdomoni. "Amesema niifanye nini?"

"Amesema usiipasue. Uile nzima." Macho ya Salvina yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. "Amesema wewe udugu na sisi huutaki, na yeye pia hautaki. Wazee wako wa Muleba waje wabishe hodi."