Kitambaa Kwenye Kabureta ya Ermelinda

Ermelinda alikutwa asubuhi amelala ubavu chini ya maji, kando ya gati la Mzee Nicanor Ledesma, na ukungu umemfunika kama shuka. Ermelinda ni boti. Boti kongwe ya mbao, yenye jina la marehemu mke wa mzee, na ndiyo iliyokuwa ikituletea unga, gesi na habari za mjini sisi wa visiwa vya mto Paraná. Nasema ni boti, lakini waliosimama gatini walikuwa wamevua kofia.

Inspekta Nélida Quiroga wa polisi wa mto alifika na injini yake ikinguruma chini chini, kana kwamba naye hakutaka kuamsha mtu. Aliyatazama maji, akawatazama watu.

"Nani aliigusa mwisho?"

Macho yote yakamgeukia Rulo Maidana, fundi wa injini.

"Jana niliibadilishia mpira wa maji ya kupoozea injini," Rulo alisema. "Afande, niliukaza mpaka bisibisi ikakataa."

"Labda uliukaza ndotoni," mtu mmoja akadakia. Wachache wakacheka, si kwa furaha.

Kabla ukungu haujainuka, watu wakaanza kwenda kibandani kwa Rulo kuchukua injini zao, hata zilizofunguliwa nusu, wakizipakia kwenye mitumbwi na boliti zikilia mifukoni. Huku kwetu fundi akishasemwa kwamba hakazi, amekwisha. Rulo alisimama mlangoni, hakumzuia mtu. Iliniuma kumwona vile.

Maji yalipokupwa, mgongo wa Ermelinda ukachomoza polepole. Inspekta akavua viatu, akaingia. Kalafati, pamba inayoziba nyufa za mbao, ilikuwa nzima. Mpira unaovuta maji ya mto ulikuwa umetoka, lakini kibano chake kilikuwa kimelegezwa kwa bisibisi mpaka mwisho wa skrubu, na swichi ya pampu ya ngama, ile inayotoa maji ndani ya boti, imezimwa.

Kisha akainamia injini, maji yakimpita magotini. Mdomo wa kabureta ulikuwa umezibwa kwa kitambaa cha mirabamiraba kilichopakwa shahamu. Ekzosi vilevile.

Kazi hiyo kila mtu hapa anaijua. Upepo wa kusini-mashariki ukivuma na kuupandisha mto hadi sakafuni mwetu, tunaziba injini, ili boti ikizama, injini isinywe maji. Lakini usiku ule hapakuwa na upepo. Mto ulikuwa umelala, na mierebi imeinamia juu yake bila kutikisika.

"Aliyeizamisha alijua itazama," Inspekta alimwambia Rulo. "Na hakutaka injini ife. Wewe huziba kwa kitu gani?"

"Vizibo vya mti. Nachonga mwenyewe. Kitambaa huacha nyuzi ndani ya kabureta, nimemwambia mzee mpaka nimechoka."

"Mzee yupi?"

Rulo akajifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi. "Sijasema kitu, afande."

"Watu wanahamisha injini zao, nawe unanyamaza?"

"Ndiye aliyenifundisha kushika spana."

Mzee Nicanor alimpokea Inspekta mezani, nyumbani kwake juu ya nguzo, akamtengenezea yerba, chai ya huku kwetu, kwenye kibuyu kama anavyofanyiwa kila mgeni. Maji ya moto yakamwagika nje ya kibuyu, yakaenea mezani. Mzee akaendelea kutabasamu kuelekea dirishani.

Kitambaa cha meza kilikuwa cha mirabamiraba. Upande mmoja ulikuwa umechanwa, nyuzi bado zinaning'inia, nao ulikuwa umetandikwa upande wa mgeni kabisa.

"Kitambaa chako kimechanika, mzee."

"Kimezeeka kama mimi, mama."

"Kipande chake ninacho hapa." Inspekta akainua mkono. "Unakiona?"

"Nakiona."

"Mkono wangu hauna kitu, mzee wangu."

Mzee akaiweka birika chini.

"Tangu lini?" Inspekta akauliza kwa upole.

"Macho yalianza kwa ukungu. Nikadhani ni ukungu wa mtoni, nikangoja uondoke." Mzee akapapasa ukingo wa meza mpaka akaufikia mchano. "Jumapili nilipita karibu mno na mtumbwi wa binti wa mwalimu. Sikumwona, mama. Nilimsikia akilia, na boti imeshapita."

"Ungesema tu kwamba huoni."

"Mtu akisema haoni, wanamwondoa kwenye usukani. Boti yake ikizama, wanampa pole." Akaukunja mchano kwa vidole. "Ila injini sikuweza. Ermelinda ndiye aliyekuwa akiisafisha kabureta ile, pale jikoni, kwa mswaki wake wa zamani. Ningeiachaje inywe maji?"

"Na Rulo?"

"Nilidhani watasema mbao zimeoza. Sikujua watamwangukia yeye."

"Asubuhi ulisikia wakimwangukia."

"Nilisikia," mzee akasema. "Nikanyamaza. Niliona aibu, lakini nilinyamaza."

Inspekta akanyoosha mkono, safari hii akaugusa wa mzee ili aupate. "Leseni yako." Mzee akaitoa chini ya kopo la yerba, akaishika kidogo kabla ya kuiachia. "Sasa twende gatini. Maneno haya wayasikie kutoka kwako."

Akayasema yote, amesimama, amevua kofia. Hakuna aliyempa pole. Mtumbwi mmoja ukageuzwa kimya kimya kurudi kibandani kwa Rulo, kisha mwingine.

"Mimi sijakusamehe," Rulo alimwambia. "Usije ukadhani." Lakini wiki nzima alikuwa ndani ya Ermelinda, akikausha waya, akichomoa nyuzi za mirabamiraba moja moja kwenye kabureta, akitukana kwa sauti ndogo.

Injini ilipowaka, Rulo akashika usukani. Mzee Nicanor akapapasa akaketi kwenye benchi la abiria, mahali ambapo hakuwahi kuketi tangu boti ile ianze kuelea. Wakaingia kwenye ukungu. Sisi gatini tulimsikia tu:

"Punguza mwendo hapo, mwanangu. Hapo hupita watoto."