Boya la Mwisho la Shamba la Mwani

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza kwa heshima zote, kama mtu aliyemaliza hotuba. Bahari ilikuwa inakupwa, maji yanatoka. Mkondo ukaishika boti ya mwani na kuivuta kuelekea mlango wa mwamba, pale mawimbi yanapopasuka, na mbao pia.

"Nanga!" alipiga kelele Bashira, mvunaji wa mwani.

Nanga ilikuwa imelala ufukweni Jambiani, salama salimini. Khairiya, msimamizi mwenye wiki tatu kazini, ndiye aliyeamuru ishushwe ili yaingie magunia mawili zaidi.

Jecha, nahodha wa umri wa baba yake, alikwishavua shati. "Nnakwenda kulishika boya la shamba."

"Na boti utaishika kwa nini? Kwa meno?" alisema Khairiya. "Haruki mtu bila kamba."

Walikwangua mwani kwenye kamba za shamba zilizokuwa botini, wakaziunga. Khairiya alijifunga ncha kiunoni. "Mimi ndiye mwepesi. Fundo la mwisho likifika mkononi mwenu, nivuteni. Hata nkikataa."

Akajitosa. Chumvi ilimchoma macho. Boya lilikuwa mbele yake, pima moja tu, kama urefu wa mtu, kamba ilipoisha. Vidole vilikwenda vyenyewe kwenye fundo la kiunoni. Nyuma yake mwamba ulinguruma. Akaviondoa vidole kwenye fundo, akainua mkono, wakamvuta.

"Ulikuwa unalifikia!" Jecha alifoka.

"Sikulifikia." Alitapika maji. "Limebaki boya la mwisho. Tuirefushe kamba. Bashira, kanga zako. Mzee Jecha, kikoi."

"Kikoi changu?"

"Kivue."

Jecha alitazama mwamba, akatazama mbingu, akakivua. Akabaki na kaptula ya maua mekundu, siri aliyoitunza kwa miaka mingi.

Safari hii Khairiya aliruka mapema, kabla boya halijawa sambamba nao. Matumbawe yalimchana goti. Akalikumbatia boya, akazungusha kamba kwenye kamba nene ya boya, iliyofungwa kwenye mawe ya chini yanayoshikilia shamba, akakaza fundo, ndipo akajifungua kiunoni. Kamba ikanyooka. Kikoi kikalia. Boti ikatetemeka, ikasimama, mapovu ya mwamba yakiwarukia usoni. Khairiya akarudi botini akijivuta kwa kamba.

Waliokolewa baada ya saa nzima, na vijana wa boti ya wavuvi waliomwona Bashira akipunga gunia. Walipomwona Jecha, wakaangua kicheko.

"Chekeni," alisema Jecha, akimpa Khairiya mkono apande kwanza boti ya wavuvi. "Bi Khairiya kasema nivue, nkavua. Akisema tena, ntavua na hii."

"Usivue, Mzee Jecha," alisema Khairiya, meno yakimgongana. "Hiyo hatari sijaipima."