Damu ya Kitovuni

Jua lilikuwa linazama nilipotoka dukani Ilemela na chupa ya mafuta ya taa. Ilikuwa mwaka tisini na sita. Dada yangu Odeta alikuwa amelala ndani, khanga imeloa damu.

Damu ya kitovuni.

Kila akiingia kwenye siku zake, kitovu nacho kilitoka damu. Mwaka wa pili sasa. Hospitali walimpa dawa ya minyoo. Maduka ya dawa yaliyofumuka kila kona yakamuuzia vidonge vyao. Mumewe, Nkwabi, akachoka, akaenda kwa mganga.

Nilipokaribia uani nikasikia... twaa! Kama mtu anapasua kuni mbichi.

Kisha sauti ya mama mkwe wake dada, Ng'washi. Ndogo kabisa.

"Nkwabi... ni mimi, mama yako."

Twaa!

Nikakimbia. Ng'washi alikuwa chini jikoni kwake, katikati ya mapanki, mifupa ya sangara kutoka kiwandani, aliyokuwa akiyakausha kwa moshi auze. Mkono wake mmoja ulikuwa umeanguka kando ya mafiga. Palinuka samaki na damu ya moto.

Nkwabi alishika panga, anatweta.

"Mganga kasema mchawi ni mwenye macho mekundu. Anamnyonya mke wangu."

"Ni moshi, shemeji! Macho yake ni moshi!"

Ng'washi akanyoosha mkono uliobaki. Akamgusa mwanawe tumboni, taratibu, kama anayembembeleza.

Nkwabi akamkata shingo.

Polisi wakamchukua. Odeta nikampeleka hospitali ya rufaa. Daktari mmoja, mama wa makamo, akabonyeza uvimbe mweusi kitovuni, akamuuliza maswali mengi, kisha wakaukata.

"Ni nyama ya mji wa mimba," alitueleza. "Imeota pasipo pake. Mji ukitoa damu, nayo inatoa. Hukurogwa, mwanangu."

Odeta akageukia ukutani.

"Mama amekufa bure," alisema.

Alipona kabisa.

Mwaka uliofuata nikampelekea Nkwabi sabuni gerezani. Amekonda, midomo myeupe. Akamchungulia askari, akaninong'oneza.

"Dorotea... yule daktari wenu. Anatibu wanaume?"

Akafunua shati.

Kitambaa alichojifunga kitovuni kilikuwa kinachuruzika damu.

"Kila mwezi," alisema. "Na kitovu kinauma kama panga."

Nikaenda kwa daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanaume hana mji wa mimba, binti. Rudi ukaangalie vizuri."

Sijarudi.