GPS Shingoni mwa Fahali

Pikipiki iliyoibwa ilikutwa inakula majani.

Ndivyo ramani ya simu ilivyosema. Inspekta Edna wa kituo cha Ifakara aliifuata ile alama nyekundu tangu asubuhi, akavizamisha viatu vya serikali kwenye matope ya majaruba ya mpunga ya Katindiuka, mwishowe akaonana uso kwa uso na fahali mweupe. Shingoni, mahali pa kengele, fahali alikuwa amevaa kifaa cha GPS.

"Ndiye mwizi huyo?" aliuliza Mayunga, mwenye ng'ombe. "Mfunge pingu, afande. Mimi simo."

"Nani kamvisha?"

"Nimeamka nikamkuta amevaa. Nikadhani ni mambo ya chanjo."

Siku mbili nzima Octavian, aliyeripoti wizi, alikuwa amekesha na simu mkononi, anapigia kituo kelele: "Pikipiki yangu, kadi ina jina langu! Mwizi anaisukuma kwa miguu, mchana anapumzika mtoni!" Mkewe Levina, ambaye ndiye aliyeiendesha kubeba abiria, alimwambia maneno machache tu: aliiegesha sokoni akanunue dagaa, kugeuka haipo.

Edna alikigeuza kile kifaa. Mwizi hunyofoa. Huyu alikata kwa wembe, akaziba ncha ya kila waya kwa kipande chembamba cha tyubu ya baiskeli na gundi ya pancha, maji yasiingie. Mwizi gani anakifunga bandeji kitu alichokiiba?

Akaenda Viwanja Sitini kwa Nazari, fundi aliyekifunga kwenye pikipiki.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kazi yako hii?"

"Kufunga nilifunga mimi, chini ya kiti. Waya mwekundu kwenye betri, mweusi kwenye bodi. Halafu rilei, ile ya kukata umeme, kwenye waya wa swichi. Aliitaka Octavian mwenyewe, ili akibonyeza simu injini izime, hata akiwa kitandani." Akausogeza waya karibu na jicho. "Ila mimi naziba kwa utepe mweusi. Hii tyubu ni mkono wa fundi baiskeli."

"Levina alifanya kazi gani kabla ya bodaboda?"

Nazari akaitazama spana yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Nazari!"

"Aliziba pancha, afande. Pale sokoni."

Levina alikutwa uani anapepeta mchele. Octavian amekaa kwenye kigoda, anawalaani wezi wa bonde zima.

"Levina, gundi ya pancha bado unayo?"

Ungo ukasimama. "Ninayo."

"Fahali wa Mayunga alipata pancha?"

Levina akautua ungo, akajifuta pumba mikononi, akamtazama usoni.

"Nilimvisha mimi. Andika. Ningempata kiboko, ningemvisha kiboko."

Octavian aliruka. "Mkamate! Mwizi ndiye huyo!"

"Kaa chini wewe. Levina, kwa nini?"

"Wiki iliyopita nilimpakia Digna kutoka Katindiuka, uchungu umemshika, nimuwahishe hospitali. Katikati ya majaruba injini ikafa. Nimepiga kiki mpaka mguu ukavimba. Mtoto akazaliwa palepale, juu ya kanga yangu, mbu wanatuimbia. Narudi nyumbani, huyu anacheka: 'Nilikubonyeza! Ulikuwa na bwana gani huko porini?'"

Edna akageuka. "Ulibonyeza?"

"Ni mke wangu. Nina haki ya kujua alipo."

"Alipo ulishapaona kwenye ramani. Kuzima kulikuwa kwa nini?"

Octavian akaangalia kuku.

"Mtoto yuko wapi?" Edna aliuliza taratibu.

"Mzima. Yuko kwa Digna, na pikipiki iko hukohuko, nimeifunika mabua ya mpunga. Nifunge, afande. Nikitoka nitaendesha tena. Na akinifungia kifaa kingine, ng'ombe hawajaisha Kilombero."

Edna akanyoosha mkono. "Kadi."

Octavian akapapasa mifuko, wa kulia, wa kushoto. Levina akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Jina lilikuwa la Levina, herufi zote.

"Mpunga wangu wa misimu mitatu ndio ulioinunua," alisema.

"Basi hapa hakuna wizi," alisema Edna. "Kuna mtu aliyewadanganya polisi kuwa pikipiki ni yake, tena akaizima ikiwa imebeba mama mwenye uchungu. Bwana Octavian, twende kituoni."

"Kwa miguu?"

"Mwendo uleule wa mwizi wako."

Levina akauinua ungo wake.

"Mvishe na hicho kidude, afande. Leo na mimi nataka kujua mume wangu yuko wapi."