Uzoefu wa Sindano

Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, cha nyuma kilikuwa cha kulala. Katikati lilining'inia pazia, na kwenye pazia hilo Mama alibandika kwa pini vielelezo vya kola vya kukatia kitambaa. Alivikata kwenye karatasi yoyote iliyomfikia mkononi: gazeti, kalenda ya mwaka uliopita, hata mfuko wa saruji. Fundi hatupi karatasi.

Binti yake walimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, mrefu, na hapakuwa na jambo ambalo hakulichomekea pua yake. Alikuwa amemaliza chuo, alikosomea utunzaji wa ghala. Asubuhi alifungua madirisha, akafagia vipande vya vitambaa, akapanga sare za shule zilizokuwa tayari. Kila furushi alilifunga uzi wa rangi. Mchana aliandika maombi ya kazi. Jioni alisubiri majibu, na majibu hayakuja.

Alikuwa ameomba mara tisa. Mahali pamoja tu walimwita kwenye usaili, na huko ndiko yalikomkuta makubwa.

Wasifu wake ulichapwa kwenye duka la kopi, karibu na lango la chuo. Mchapaji wa pale alikuwa na wasifu mmoja tu kwenye kompyuta. Mwanafunzi akija, mchapaji anabadilisha jina na namba ya simu, basi, kazi imekwisha. Darasa zima lilipita pale. Siku ya usaili, afisa aliisoma karatasi ya Sindano, kisha akamuuliza kwa upole: "Umeandika kwamba unapenda kuogelea. Huwa unaogelea wapi?"

Sindano hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyopita magoti. Afisa akamwambia kwamba yeye alikuwa muogeleaji wa sita tangu asubuhi.

Mama aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Kisha akaona kwamba binti yake hacheki, naye akaacha.

Sasa lilikuwa limetoka tangazo jipya. Hospitali ilihitaji msaidizi wa ghala la mashuka na sare za wauguzi. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Sindano aliitaka sana kazi hiyo. Aliona kwamba akiikosa na hii, cheti chake atakiweka chini ya godoro na hatakitazama tena. Rafiki yake wa chuo alimshauri atafute barua ya uzoefu. Kulikuwa na mtu anayeziandika, na mihuri anayo. Sindano hakukubali, lakini hakukataa pia.

Jumanne alikuja Mama Faili kupunguziwa gauni. Mama Faili alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alifanya kazi miaka ishirini katika ofisi ya utumishi ya kiwanda kikubwa, akiajiri watu, mpaka akastaafu. Jina hilo alilipata huko, na aliondoka nalo.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, Mama akimchomeka pini kiunoni, mara akaingia mzazi, akataja jina la mwanawe na kuomba sare yake. Mama aligeukia rafu akaanza kuinua furushi moja moja.

"Uzi wa kijani, Mama, chini kushoto," Sindano alisema bila kuinua kichwa. "Sketi imeongezwa pindo. Sweta limo ndani."

Ikawa kweli. Mzazi alipoondoka, Mama Faili aliuliza Sindano amejuaje. Sindano akaeleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Uzi mweupe, sare imekamilika. Kijani, imerekebishwa. Mwekundu, inasubiri vifungo. Mafundo kwenye uzi ni idadi ya nguo zilizomo. Hata asiyejua kusoma anaweza kujua.

"Ulifundishwa chuoni hayo?"

"Hapana. Nilibuni tu, ili tusichanganyikiwe."

Mama Faili akataka kujua anaomba kazi gani, na akamwomba amsomee wasifu wake. Sindano alisoma: mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi katika mazingira yoyote. Akafika katikati ya ukurasa.

"Uzoefu: hakuna."

Mama alikuwa amerudi kwenye cherehani. Mguu wake ukasimama juu ya pedali.

"Miaka minne umenipangia sare za shule tatu," alisema taratibu. "Ile haikuwa kitu?"

"Mama, ile ni kazi ya nyumbani."

Mama aliinama akaanza kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea. Sindano aliona aibu, aibu kubwa kuliko ile ya kuogelea, kwa sababu hii aliisababisha mwenyewe, na aliyeumia alikuwa mama yake.

Mama Faili alivuta kigoda, gauni likiwa bado na pini. "Nani kakwambia kazi ya nyumbani si kazi? Wenzako wanaandika uongo ili wajaze ukurasa. Wewe unao ukweli, na umeufuta."

"Nimelelewa nisijisifu," Sindano alisema. "Na watu husema chema chajiuza."

"Chajiuza kikiwa mezani. Kikifungiwa kabatini nani atakiona?" Mama Faili alichukua kalamu. "Sikiliza, mwanangu. Ukisema 'mimi ni hodari', hapo umejisifu. Ukisema 'nilifanya hivi, ikawa hivi', hapo umeeleza. Mwajiri hataki sifa. Anataka kujua ulifanya nini."

Akaanza kumuuliza. Sare ngapi kila muhula? Kama mia tatu. Nani alipokea vitambaa? Sindano. Aliandika wapi? Kwenye daftari la vipimo. Na sare ngapi zilikwenda kwa mtoto asiye mwenyewe?

"Hakuna hata moja."

"Una hakika?"

Wakafungua daftari. Ziligundulika mbili, za mwaka wa kwanza, kabla ya nyuzi. Sindano alitaka kuziruka, lakini Mama Faili akagonga meza kwa kidole. "Andika mbili. Mtu aliyekosea mara mbili, na anajua kwamba ni mbili, huyo ningempa funguo za ghala."

Hapo Sindano akapata ujasiri wa kusema habari za barua yenye muhuri. Mama Faili hakumgombeza. Alisema tu kwamba barua za aina hiyo alizipokea nyingi, na kila mara alipiga simu kwenye namba iliyoandikwa. Safari moja simu ilipokelewa na mwombaji mwenyewe, akiigiza sauti ya bosi.

Kisha wakalisoma tangazo la hospitali neno kwa neno. Hospitali ilitaka mtu anayejua kupokea vitu, kuvihesabu, kuvipanga na kuweka kumbukumbu. Kwa kila jambo Sindano aliandika mfano wake mmoja. Kuogelea kulifutwa. Mama alijitolea kuwa mdhamini, Mama Faili akacheka: mzazi hamshuhudii mwanawe. Wakamchagua mwalimu mkuu wa shule mojawapo, na Sindano alikwenda kwanza kumwomba ruhusa. Wasifu mzima ukaenea kwenye ukurasa mmoja. Alhamisi mchana Sindano aliupeleka hospitalini kwa mkono wake.

Walimwita wiki iliyofuata. Mezani walikaa watu watatu. Aliyekuwa katikati, mkuu wa ghala, alikuwa na sauti nzito na miwani iliyoshuka puani.

"Tueleze siku mambo yalipokuharibikia."

Sindano angeweza kusema hajawahi kuharibu. Akalikumbuka lile daftari.

"Mwaka wa kwanza nilipanga sare kwa kumbukumbu ya kichwa tu," alisema. "Nilichanganya mafurushi mawili. Mtoto wa darasa la kwanza alikwenda shuleni na sketi ya darasa la saba, inafagia uwanja. Watoto wakamcheka, akarudi nyumbani analia. Nilikwenda kwao kuomba radhi. Nikajua kichwa changu hakitoshi. Ndipo nikaanza kufunga nyuzi za rangi na kuandika kila kinachoingia na kutoka."

Mkuu wa ghala alivua miwani. "Nyuzi hizo, zinafanyaje kazi?"

Sindano akaomba karatasi akachora. Hakuongeza chumvi, hakupunguza. Alipotoka nje, alijua kwamba kila neno alilolisema lilikuwa lake.

Siku nane baadaye simu ililia. Mama alisimamisha cherehani ili binti yake asikie vizuri. Sindano alisema "ndiyo" mara tatu na "asante" mara nyingi. Kisha alikaa chini sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, akalia kwa furaha. Mama alimwacha alie, akaenda kumwita Mama Faili.

Mwezi wa pili wa kazi, Sindano alirudi jioni akakuta vielelezo vipya vya kola vimebandikwa kwenye pazia. Karatasi yake ilikuwa nyeupe, nzito, imechapwa. Akasogea asome. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya mstari: "Uzoefu: ha".

"Zilibaki kopi nyingi zile," Mama alisema. "Karatasi nzuri. Hazikukufaa wewe, zimenifaa mimi."

Sindano alicheka. Akauliza wasifu mpya uko wapi, ule unaosema: miaka minne, karakana ya ushonaji ya mama yangu.

Mama alifungua kabati. Ulikuwa umelala ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya vitambaa vyake bora. Fundi hatupi karatasi, lakini hiyo hakuitia mkasi.