Waya Chini ya Zulia

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaenda kufagia karakana ya baba yake, fundi wa redio za magari. Baba aliugua miezi minne. Tangu apone, mikono ilimtetemeka, na wateja wakaanza kumpitia kando.

Kazi yake ya kwanza baada ya ugonjwa ilikuwa gari la matangazo la zahanati. Alitengeneza amplifaya, kile kisanduku cha kukuza sauti, akaifunga ndani ya buti, ikanguruma vizuri.

Kesho yake Chiriku alitumwa kufagia buti lile. Waya mweusi uliofungwa kwa nati kwenye bodi ukamzuia, akaufungua. Nati ikamponyoka, ikaangukia mtaroni. Akausukumia waya chini ya zulia, akanyamaza.

Dereva wa zahanati alipokuja kuchukua gari, amplifaya ilikuwa bubu. Baba akamuuliza binti yake kama alikuwa amegusa chochote.

"Sijagusa kitu, baba."

Baba akaamini. Akabadilisha fyuzi, akakagua nyaya za spika, akapima umeme unaoingia, volti kumi na mbili kamili. Akaitoa amplifaya akaiwasha mezani, ikaimba. Akairudisha garini, kimya. Siku tatu alifunga na kufungua, jasho likimdondokea kwenye kipimo, asione kosa.

Siku ya tatu dereva alirudi, akasema kwamba chanjo ya watoto ilikuwa kesho na watu hawajatangaziwa, hivyo jioni ile atalipeleka gari kwa fundi mwingine. "Pumzika, mzee," akaongeza kwa upole. "Hata chuma huchoka." Upole ule ulichoma kuliko tusi.

Dereva alipoondoka, baba alikaa kwenye kigoda, mikono magotini. Chiriku, akiwa mlangoni na ufagio wake, alimsikia akimwambia mama aliyemletea chai, "Nitafunga karakana. Kazi imenikimbia." Mama akamwekea kikombe kando, akarudi ndani.

Chiriku akaegemeza ufagio ukutani. Akaingia.

"Baba, mimi niliufungua ule waya mweusi. Nati ikapotea."

Baba alikwenda garini, akainua zulia, akaukuta waya umelala, haujashika popote. Akakwangua kutu kwenye bodi ya gari, akaufunga kwa nati mpya, akawasha. Sauti ikajaa uani.

Chiriku alitarajia kumwona akicheka. Hakucheka. Dereva aliporudi alishukuru, akaondoka na gari kwenda kutangaza, na karakana ikabaki na watu wawili tu.

"Umeme ukiingia lazima upate njia ya kurudi," baba akasema, "na njia yake ni waya ule. Nilipima kila kitu isipokuwa huo, kwa kuwa niliufunga mwenyewe, nawe ukaniambia hukugusa. Siku tatu nimejiona si fundi tena. Nati ni kitu kidogo, mwanangu. Ungesema siku ile ile, tungemaliza kwa dakika tano. Uongo wako ndio ulioniangusha."

Chiriku akaomba radhi, macho chini.

"Nimekusamehe. Lakini kumbuka, fundi hupima nyaya, hapimi neno la mtoto wake. Usinifanye nianze kulipima."