Saini ya Geti la Kwanza

Saa moja asubuhi, siku ya kumi na saba ya Ramadhani, kontena la insulini liligundulika kuwa limetoweka kwenye yadi moja ya Port Said. Daftari la blokcheni, ambalo wenye meli, forodha na wenye mizigo hulisoma kwa pamoja na hakuna awezaye kulifuta, lilionyesha limetoka jana jioni, saa kumi na mbili na dakika tisa. Lilipitia geti la kwanza, lenye matope ya bomba lililopasuka, kwa kadi ya Ibtisam, karani.

"Dakika hiyo nilikuwa nagawa supu ya futari," Ibtisam alisema. "Hata wewe nilikupa."

Tharwat, mkuu wa ulinzi, aliikumbuka supu yenyewe. Basi hakufikiri mara mbili. Kwa miaka tisa, adhana ya magharibi ikilia, wote walikimbilia futari na kumwachia kazi Labib, Mkristo pekee wa yadi, ili malori yasisimame. Kadi zilipokuja, wakawa wanaziacha kwenye droo yake. Tharwat alimwita ofisini, akamnyang'anya kitambulisho mbele ya watu.

"Kadi zilikuwa kwako. Polisi wanakuja saa nne."

"Droo haina kufuli, Tharwat. Soma daftari lote."

Meneja, Haji Safwat, akaguna. "Mnaiona mashine yenu? Enzi za muhuri wangu haya hayakuwapo."

Tharwat alisoma kutimiza wajibu tu, na mstari wa pili ukamkata maini. Dakika ya nane, geti la nne, lori la vitunguu: kadi ya Labib. Kadi haisomwi bila kugusishwa getini, na kati ya mageti hayo mawili ni kilomita nzima. Akafungua kamera ya geti la nne. Alikuwa Labib mwenyewe, anacheka na dereva.

Akawageukia wenzake. "Jana nani alichelewa kufuturu?"

"Sote tulikuwapo tangu tende ya kwanza," Safwat alisema.

"Wewe hukuwapo, Haji," Ibtisam alisema taratibu. "Supu yako niliifunika. Ulikuja tumeshafika kwenye vitamu, tunakula kunafa, viatu vimejaa matope."

"Na matope yapo geti la kwanza tu," Tharwat alisema.

Safwat alijifuta uso. "Zamani kontena halikutoka bila muhuri wangu. Watu walinibembeleza siku sita. Sasa ni dakika tano, na hakuna anayejua kama nipo. Nilitaka daftari lionekane bovu, mlitupe. Kontena liko ghalani kwa shemeji yangu, na umeme nimeliunganishia, dawa isiharibike."

Labib alikuwa amekaa ngazini, nje. Tharwat alimpelekea kitambulisho kwa mikono miwili.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nililifuata daftari."

"Daftari lilimwandika Ibtisam," Labib alisema. "Jina langu ulilitoa wapi?"

Tharwat alikuwa na jibu, Mkristo pekee wa yadi, na aliona aibu kulitamka.